Avobenzoni: Kichujio Kinachohitaji Mlinzi



Katika viambato vyote vya mafuta ya kujikinga na jua nimechagua kimoja tu: avobenzoni. Mtakaokitafuta kwenye chupa zitokazo Ulaya mtakikuta kimeandikwa butyl methoxydibenzoylmethane.

Mionzi ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili. UVB huunguza ngozi upesi na mtu huisikia. UVA, ambayo ni takriban asilimia 95 ya mionzi hiyo, huzama ndani zaidi, hupenya hata kioo cha daladala, na haiumi. Vichujio vya zamani vilihangaika na UVB. Avobenzoni, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 1978 na Marekani mwaka 1988, hufyonza UVA, hasa kwenye nanomita 357 hivi. Ulaya kiwango cha juu ni asilimia 5, Marekani 3.

Kasoro yake ni kwamba jua lenyewe huimaliza. Molekuli hii hukinga ikiwa katika umbo la enoli. Ikipigwa na mwanga, baadhi hugeuka kuwa umbo la keto, lisilozuia UVA, na nyingine hukatika moja kwa moja. Ndiyo maana watengenezaji makini huiwekea oktokrileni, inayoipunguzia nishati kabla haijavunjika. Wakiichanganya na oktinoksati, kichujio maarufu cha UVB, mambo huwa kinyume: vyote viwili huharibika haraka zaidi. Chupa mbili zenye namba ileile ya SPF zinaweza basi kutofautiana sana baada ya saa mbili shambani.

Na hiyo SPF hupimwa kwa ngozi kuwa nyekundu, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya UVB. Hupimwa pia kwa miligramu 2 za mafuta kwa kila sentimita ya mraba, kipimo ambacho karibu hakuna anayekifikia, hasa chupa ikiwa ya bei kubwa. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino anapouliza kwenye dirisha la dawa, “Hii ni namba ngapi?”, kumjibu “50” hakutoshi.

Wazazi hao hulalamikia pia madoa ya rangi ya kutu kwenye kola za mashati ya shule. Si uchafu: avobenzoni imekutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji ya kufulia. Waambieni, wasije wakayaacha mafuta kwa ajili ya shati.

Ombi langu kwenu, wauguzi wa ngozi na wafamasia, ni hili. Kabla ya kuagiza, someni orodha ya viambato: palipo na avobenzoni, tafuteni oktokrileni au kiimarishaji kingine, na oktinoksati isiwepo. Kwa bidhaa za Ulaya, tafuteni herufi UVA ndani ya duara. Kisha mwelekezeni mgonjwa kofia pana na nguo za mikono mirefu kwanza, na mafuta ayapake upya kila baada ya saa mbili.