Moyo Ukienda Mbio

Kama katibu, siku ya kuimba hupokea udhuru wa kila aina: mafua, matatu imeharibika, mgeni wa ghafla. Mara nyingi ni woga tu. Tumepoteza waimbaji wazuri kwa woga huo.

Mwaka 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha jambo linalotuhusu. Aliwapa watu wimbo waimbe. Kabla ya kuanza, baadhi walitakiwa kutamka kwamba wana wasiwasi, wengine kwamba wana hamu na furaha. Hawa wa furaha waliimba vizuri zaidi, ingawa moyo haukupunguza mbio.

Ndiyo maana “tulieni” haitusaidii sana (mwalimu wetu wa kwaya atanisamehe). Mwili umeshaamka, tuupe kazi. Leo tukipanga mstari mlangoni, kila mmoja amwambie jirani, “Nina hamu ya kuimba.” Sauti ya nne pia, ninyi mnaojificha nyuma.

Ubeti wa pili wa wimbo wa mwisho bado hauna kiongozi. Nimeacha nafasi ya jina kwenye ratiba, mwenyewe anajua.