Vyoo Tumejenga, Karo Atalinyonya Nani?

Maneno ya kamati ya afya na maji kwenye mkutano wa mwaka

Tunajua si vizuri kuzungumza habari za choo wakati chakula kinanukia, lakini aliyepanga ratiba ni mwenyekiti.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, kisha wakachukua majembe wakaenda kuchimba vyoo. Choo cha siku zile kikijaa, unafukia, unachimba kingine pembeni, shamba lipo. Siku hizi tunawajengea wazazi nyumba za bati la rangi na choo kiko ndani. Unavuta maji, uchafu unapotea. Unapotelea wapi? Mji wa Karatu hauna mtandao wa mabomba ya majitaka kama ule wa katikati ya jiji la Arusha. Kila nyumba, kila gesti, kila hoteli ya watalii inaishi na uchafu wake yenyewe, uani kwake.

Mwenzetu mmoja wa kamati ametukubalia tusimulie yaliyomkuta. Alimjengea mama yake nyumba upande wa Rhotia, yenye karo zuri la matofali. Mama aliishi na mjukuu mmoja tu, na kwa miaka 8 hakuna aliyeligusa karo lile, maana halikuleta shida. Kisha ukatokea msiba. Watu walilala pale siku 4. Siku ya pili maji yakaanza kurudi bafuni, na jioni yakafumuka kwenye chemba, hatua chache kutoka kwenye turubai walipokaa wafiwa. Kina mama wakahangaika na majivu na koleo. Gari la kunyonya majitaka lilipofika, hakuna aliyejua mfuniko uko wapi, kwa sababu fundi alikuwa ameujengea kibaraza juu yake. Ikabidi kibaraza kivunjwe kwa nyundo, matanga hayajaisha.

Ndugu zetu, karo si pipa la kuhifadhia uchafu milele. Uchafu mzito unatua chini na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la pili, ambako udongo unayanywa. Vijidudu vinalila tope polepole, lakini hawalimalizi. Tope likipanda sana, linaanza kutoka pamoja na maji na kuziba udongo wa shimo la pili. Hapo hata ukinyonya karo, haisaidii. Utachimba shimo jipya. Kunyonya mapema ni nafuu kuliko kuchimba upya, na hesabu hii tungependa kila mwenye nyumba aifanye kabla ya Krismasi, siyo siku wajukuu wote wamefika.

Kwa familia ya kawaida, miaka 3 hadi 5 inatosha kuita gari. Ukitaka uhakika, chukua mti mrefu, uviringishie kitambaa cheupe, utumbukize hadi chini, uuinue taratibu. Weusi wa tope utauona kwenye kitambaa. Tope na povu vikifika theluthi ya kina, usingoje. Lakini asiingie mtu ndani, hata karo likiwa tupu. Hewa ya mle ina gesi ya sumu, anayeshuka anazirai, na anayemfuata kumwokoa anaangukia juu yake. Kijana wa kibarua anayekubali kushuka na ndoo kwa bei rahisi ni mtoto wa mtu.

Mengine mnayajua: pedi, nepi na mafuta ya kukaangia visiingie chooni, maji ya bati yasielekezwe kwenye karo, trekta lisipite juu yake, mikaratusi isipandwe karibu. Mfuniko uonekane.

Liko jambo moja tunalisema kwa aibu. Masika yakikolea, wapo wanaotoboa karo usiku na kuliachia korongoni, mvua ibebe. Makorongo yetu yanateremka kwa majirani. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Ngorongoro inazama ardhini na kutokea kwenye chemchemi, zikiwemo zile za Mang'ola zinazomwagilia vitunguu. Wengine tunakunywa maji ya visima virefu. Kwa hiyo choo au shimo la kunywea maji lisikaribie chanzo cha maji kwa chini ya mita 30, na gari likija kunyonya, muulize dereva anakwenda kumwaga wapi.

Sasa tuje kwenye michango. Miaka michache iliyopita jumuiya hii ilichangia vyoo vya shule moja ya msingi. Tulipiga picha, tukakata utepe, tukala pilau. Mwezi uliopita tulikwenda kutazama. Vyumba viwili vya wasichana vimefungwa kwa kufuli, karo limejaa, mwalimu mkuu hana fungu la kuita gari, na mabinti wanakwenda kwenye mahindi ya jirani. Kosa ni letu. Tulichangia matofali, hatukuchangia kunyonya, maana hakuna anayekata utepe kwenye gari la majitaka.

Kamati inaomba mambo mawili. Kwanza, harambee ya leo ianze na karo la shule ile, kabla ya mradi wowote mpya. Pili, kuanzia sasa kila shilingi 10 itakayochangwa kwa ajili ya choo, shilingi 1 iwekwe kwenye akaunti ya matunzo na isiguswe kwa kazi nyingine. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mweka hazina amekaa karibu na mlango, na amekataa kula mpaka foleni yake iishe.