Heshima Katika Foleni



Mtu akitupita katika foleni twalalamika mara moja. Lakini ipo dhuluma nyingine tusiyoikemea: kumsogelea mwenzetu aliye dirishani hata tukayasikia mambo yake. Mama anataja ugonjwa wake kwenye dirisha la dawa, mzee anahesabu pensheni yake benki, nasi tuko begani pake. Kesho yake habari zimekwisha kufika kisimani.

Kanisa limeliona jambo hili katika foleni ya kitubio. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 haimfungi padre peke yake. Mtu yeyote aliyezijua dhambi za mwenzake kutokana na maungamo anawajibika kutunza siri. Ndiyo kusema, hata aliyesikia kwa bahati tu amekabidhiwa amana.

Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi. Haki hii haiishii mlangoni pa nyumba yake. Mgonjwa anayeogopa masikio ya jirani huficha nusu ya maradhi yake, au hurudi nyumbani bila dawa.

Basi sisi viongozi wa jumuiya ndogondogo tuanze. Tusimame hatua mbili nyuma, tusichungulie karatasi ya mwenzetu, na tukisikia, tunyamaze. Kumwachia mtu nafasi si hisani. Ni kumpa haki yake.