Virusi Vimeisha, Nguvu Bado: Tiba ya Homa ya Ini C na Mwili wa Aliyepandikizwa Ini

Aliyepandikizwa ini kwa sababu ya homa ya ini C asihesabiwe kuwa amepona eti kwa kuwa kipimo cha damu hakioni virusi tena. Siidharau tiba yenyewe. Zamani, virusi vikiwamo damuni siku ya upasuaji, ini jipya nalo lilishambuliwa karibu kila mara, na kwa mgonjwa mmoja kati ya watano, au zaidi, lilijaa makovu ndani ya miaka 5. Sindano za interferoni ziliponya wachache na kuwaachia wengi uchovu, upungufu wa damu na sonona. Tangu sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani Desemba 2013, vidonge vya takriban wiki 12 huondoa virusi kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, waliopandikizwa wakiwemo.

Misuli, hata hivyo, haikumalizwa na virusi peke yake. Ini likishakakamaa, amonia huzidi damuni na kuizuia misuli kujijenga. Maji yakijaa tumboni, mgonjwa hashibi bali huvimbiwa. Baada ya upasuaji hufuata prednisoloni na takrolimasi, dawa zinazolinda ini lisikataliwe na mwili lakini zinazoigharimu misuli. Vidonge vya virusi havigusi hayo. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2006 lilionyesha kuwa waliopangiwa mazoezi na kushauriwa kuhusu chakula waliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kuliko waliofuatiliwa kwa kawaida, ingawa chini ya nusu walishika ratiba. Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha zaidi: mazoezi yasiyoingia katika maisha ya mtu hayadumu.

Patakuwa na wa kuuliza: kijiji cha Kikole, wilayani Kilwa, na kupandikizwa ini wapi na wapi? Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na wanaohitaji ini wamekuwa wakitazama India. Ni kweli. Ila wenye makovu ya ini ambao hawatafika India ni wengi zaidi, na udhaifu wao ni uleule. Pingamizi zito kuliko hilo ni kwamba mtu anayelima ufuta na kuvuna mpingo hahitaji kufundishwa mazoezi. Lakini kazi ya shamba haina vipimo: ukinyanyua gogo mapema, kovu la tumbo laweza kuachia ngiri, na ndugu wakikuhurumia mno, unakaa barazani mwaka mzima huku misuli ikiisha. Katikati ya hayo mawili panahitajika cheti cha daktari kinachosema mgonjwa atembee kiasi gani, abebe nini, na kuanzia lini. Kupima hakudai mashine. Uwanja wa zahanati, saa na kiti vyatosha: umbali anaotembea kwa dakika 6, na muda anaotumia kuinuka kitini mara 5 bila kushika. Namba hizo mbili ziandikwe kwenye kadi kando ya kipimo cha virusi, ziende pamoja nacho hospitali ya rufaa, na zikishuka, mgonjwa aitwe hata kama damu yake ni safi.