Hoteli Huuzwa: Je, Kazi Yetu Imeandikwa?

Mazungumzo kwa wafanya kazi wa mahoteli na mabaa, Nakuru



Leo tuna neno moja juu ya urithi. Sisi tunaofanya kazi katika mahoteli na mabaa, toka Naivasha hata Baringo, tumezoea kuona mwenye hoteli akimwachia mwanawe kazi. Je, sisi twawaachia watoto wetu nini?

Tazameni jamaa ya Block. Abraham Block, Myahudi wa Lithuania, alifika nchi hii mwaka 1903 akitoka Afrika ya Kusini. Mwaka 1927 alipata Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Mwaka 1947 jamaa yake wakapata New Stanley. Wanawe, Jack na Tubby, wakaieneza kazi, hata hoteli ya Ziwa Naivasha na klabu ya Ziwa Baringo zikawa chini ya jina lao. Hatuwaonei wivu, mwenye bidii na apate. Lakini kitanda hakijitandiki, wala sahani haijioshi. Kazi ile ilibebwa na wapishi, maweita, madobi na walinzi.

Mwaka 1978 New Stanley ikaingia mikononi mwa Sarova, kampuni ya jamaa ya Vohra wenye asili ya Bara Hindi, ambao pia wana Lion Hill hapa kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru. Hoteli hutoka jamaa hii ikaenda ile kwa hati. Mfanya kazi asiye na hati atashika nini?

Twamjua mwenzetu aliyepika miaka mingi katika baa moja. Ilipouzwa, tajiri mpya alimwambia, "Mimi sikukuandika." Yule wa zamani amekwisha hama. Barua hana, cheti hana.

Basi tushike haya:

1. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mapatano ya kuandikwa. Yadaini.

2. Ukiacha kazi uliyofanya majuma 4 au zaidi, ni haki yako kupewa cheti cha utumishi.

3. NSSF iliwekwa mwaka 1965. Tajiri hukata kwako na kuongeza lake. Uliza kama fedha zimefika, usingoje uzee.

Mmoja akiuliza peke yake huitwa mkorofi. Tukiuliza sote ni chama. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho letu ni mali, tulitilie daftari.

Umoja ni nguvu.