Kikanisa cha Makuti Kando ya Makaburi



Leo tunaadhimisha jubilei yetu ya miaka 25. Kamati ilitupa dakika kumi tusimulie historia ya kwaya. Habari za sare, kinanda cha kwanza na kanda tulizorekodi mtazikuta kurasa zinazofuata, pamoja na picha za wakati tulipokuwa wembamba. Sisi tuliomba tuseme juu ya kile kikanisa cha kale cha makaburini hapa Malindi, kwa sababu bila hicho pengine leo tusingekuwa na kwaya ya kufanyiwa sherehe.

Wengi wetu tumekipita tangu utotoni tukienda ufukweni. Ni chumba kimoja tu, kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, paa la makuti, na makaburi yamekizunguka. Tulikuwa tukipita mbio, maana wakubwa walitutisha. Siku hizi kinatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na watalii hukijua kuliko sisi wenyeji.

Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498. Alikuwa amekosana na watu wa Mombasa, lakini mfalme wa Malindi alimkaribisha, akampa na rubani wa kumvusha mpaka India. Tangu hapo Wareno wakawa wanakaa hapa, wanafanya biashara, na kama watu wote, wanakufa na kuzikwa.

Mwaka 1542 akapita Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, na meli yao ikalazimika kukaa miezi mingi Msumbiji kungoja upepo, huku akiuguza wagonjwa. Walipofika Malindi, mtu mmoja wa meli yao alikuwa amefariki. Walimzika hapa kwa taratibu za Kanisa, na mapokeo yanasema ni hapo penye kikanisa.

Septemba mwaka huohuo, akiwa Goa, Ksaveri aliandika barua na humo akaitaja Malindi. Anasema aliona makaburi makubwa ya Wareno yenye misalaba. Anasema pia kwamba mzee mmoja wa mji, Mwislamu, alimuuliza kama Wakristo huenda kanisani kusali, kwa kuwa hapa mjini misikiti ilikuwa 17 na mitatu tu ndiyo yenye watu. (Swali hilo Baba Paroko bado anatuuliza kila Jumapili ya misa ya kwanza.) Lakini lililotugusa sisi ni jingine: aliandika kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa na jinsi Wakristo walivyomzika mtu wao.

Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa, wakaanza kujenga Fort Jesus, na Malindi ikafifia. Kuta za kikanisa zikabaki. Makuti, kama tujuavyo, hayadumu, hubadilishwa.

Sasa tuseme la kwetu, ambalo wengine wangependa tusiliandike.

Katika mwaka wetu wa kumi na moja tulichoka na mazishi. Kila wiki simu, kila Jumamosi juani, sauti zinakauka, nauli tunajilipia. Tukafanya mkutano, tukapitisha kwamba familia isipotoa nauli hatuendi. Tuliona ni haki, na kusema kweli kulikuwa na haki ndani yake.

Mwezi haukuisha, akafa kibarua mmoja kutoka bara, aliyekuwa akisali nasi viti vya nyuma. Jamaa zake hawakupatikana. Katekista alipiga simu, tukamuuliza nauli iko wapi, akanyamaza. Hatukwenda. Alizikwa na katekista, vijana wawili wa tuktuk na mwenye nyumba aliyompangisha chumba, mzee wa Kiislamu. Siku chache baadaye mzee huyo akakutana na baadhi yetu sokoni. Akasema kwa upole, “Wanangu, si nyinyi mnaoimba kanisani? Mbona mwenzenu hamkuja kumsindikiza?”

Hatukuwa na jibu. Mazoezi yaliyofuata yakawa ya kulaumiana, soprano wakasusa, na ilipofika Novemba tulibaki watu tisa.

Tarehe 3 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ksaveri, mlezi wetu akatuita sote makaburini, waliosusa na wasiosusa. Hakuhubiri. Alitusimulia habari ya ile barua tukiwa tumekaa kwenye majani. Alipomaliza, kijana mmoja wa besi akauliza, “Yule baharia aliitwa nani?” Mlezi akasema jina halikuandikwa. Tukakaa kimya muda mrefu, mpaka upepo wa bahari ukaanza kupeperusha vitabu vya nyimbo.

Jioni hiyo tulimtafuta yule mzee, akatupeleka makaburi ya umma akatuonyesha palipolazwa mpangaji wake. Tuliimba nyimbo tatu, vibaya, kwa sababu wengi walikuwa wanalia. Mzee alisimama pembeni, kofia mkononi, mpaka tukamaliza.

Uamuzi wa nauli ulifutwa, ingawa si wote waliokubali. Wenzetu wawili waliondoka na hawajarudi. Kadi za jubilei tumewapelekea, na viti vyao viko pale mbele. Tangu mwaka ule tumekuwa na mkebe wa nauli ya mazishi, na asiye na ndugu husindikizwa kwa mkebe huo.

Mkebe kwa sasa una shilingi 640. Sadaka ya pili leo ni ya mkebe, na wenye tuktuk watakaojitolea Jumamosi waandikishe majina kwa mweka hazina, meza iliyo karibu na mlango. Karibuni chakula.