Akikusogelea Mno Mwili Hushtuka

(Mazungumzo ya muuguzi wa zahanati mbele ya wanakisomo)



Juzi alikuja mama mmoja kupima presha. Chumba chetu ni kidogo, na watu walikuwa wengi. Mama yule alisimama kwenye foleni saa nzima. Nyuma yake yuko bwana asiyemjua, anamhemea shingoni. Mama akisogea hatua moja, bwana naye huyo. Zamu yake ilipofika nikampima pale pale. Presha 152 kwa 94. Mama akaanza kulia, "Nimekwisha! Nani atanilelea watoto?"

Kosa lilikuwa langu. Nilimketisha peke yake chini ya mwembe. Baada ya robo saa nikampima tena: 126 kwa 80. Hakuwa na ugonjwa wa presha. Mwili ulikuwa umeshtuka.

Unashtukaje? Mtu usiyemtaka akikukaribia mno, ubongo hudhani kuna hatari. Hupeleka habari kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya mafigo. Tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, misuli hukaza, viganja hutoka jasho. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Lakini kwenye foleni utapigana na nani? Basi unasimama tu, na moyo unadunda bure. Hali hiyo ikiendelea, tezi hutoa pia kotisoli, ambayo huongeza sukari katika damu.

Mtasema, mbona sisi tunakaa watano kwenye benchi la watu watatu na hatushtuki? Kweli. Mtoto akikulalia mapajani unafurahi. Tatizo ni mtu ambaye hukumkaribisha.

Huko Marekani, mwaka 2007, wataalamu Gary Evans na Richard Wener walitoa habari za abiria wa treni wanaokwenda kazini New York. Walipima kotisoli katika mate yao. Behewa kujaa watu hakukuwasumbua sana. Kilichowasumbua ni watu waliobanana nao kwenye kiti kile kile.

Mzee hapa mbele ananiuliza, "Na kwenye basi je?" Mzee wangu, kwenye basi nafasi hatuna. Weka kikapu katikati, geuka ubavu, vuta pumzi polepole. Lakini msichana anayebanwa makusudi, hilo ni jambo jingine kabisa. Akisema moyo unamwenda mbio, jamani msimcheke. Hadeki huyo. Apaze sauti, na sisi watu wazima tusimame tumpe kiti chetu.

Sasa, mashine ya presha nimekuja nayo. Anayetaka kupimwa akae kwanza dakika tano kwenye benchi lile, bila kuongea, miguu isipishane. Watatu tu kwa benchi. Wengine mngojee kule mlangoni, tafadhali.